Nguo za Mtu Aliye Hai

Mwalimu hakuwahi kumtukana mtu, na ndiyo maana watu walimwogopa. Matusi yana mwisho wake: mtu akikutukana nawe ukamjibu, mnaachana njiani kila mmoja na lake. Lakini ukimkosea Mwalimu, alikutendea wema, tena mbele za watu, na wema ule hukuwa na mahali pa kuutupa.

Mke wa mhasibu, jirani yetu pale Kileleshwa, aliwahi kumwibia kuku. Hakumla. Alimfunga kamba nyuma ya jiko lake, na kuku hajui siri, akawa analia mchana kutwa. Sisi wengine tulingoja vita. Mwalimu alingoja hadi Jumamosi, wanawake walipokuwa wameketi kwa yule jirani wakisukana, akaingia na jogoo kwapani. "Mama," akasema kwa upole, "huyu jogoo hali tangu mwenzake ahamie kwako. Nimeona si vizuri nitenganishe ndoa ya watu." Akamweka chini, akakubali kikombe cha chai, akaenda zake. Yule mama angefanya nini? Alibaki na jogoo, na jogoo akawika uani kwake kila alfajiri, na barabara nzima ilijua kwa nini anawikia pale.

Kanisani alikuwa hatari zaidi. Alhamisi wanawake walikutana nyumba kwa nyumba kuomba, na Mwalimu alipofumba macho, wenye madeni ya vyombo walifumbua yao. "Bwana," alisema kwa ile sauti yake nzito, "mkumbuke dada yetu aliye na sufuria yangu kubwa. Usimwache aungue anapoitumia." Kabla ya ibada kwisha, mtoto alikuwa ameshatumwa mbio, na sufuria ilikuja imesuguliwa kuliko ilivyoondoka.

Mwalimu mkuu wa shule yetu aliwahi kumwambia Mwalimu, aliyefundisha ushonaji, mbele ya wanafunzi kwamba ushonaji si somo, ni kazi ya watu waliokosa somo. Mwalimu aliinamisha kichwa. Wiki ile ile, wakati wa chai, aliona kifungo cha shati la yule bwana kinaning'inia. Akatoa sindano kwenye kola yake, maana haikukosekana pale, akamsimamisha katikati ya walimu wote na kumshonea kifungo hapo tumboni, taratibu, kisha akaukata uzi kwa meno. Bwana mkuu alisimama amezuia pumzi. Tangu siku hiyo hakusema neno tena juu ya sindano.

Nilimuuliza kwa nini hafanyi kama watu wengine, apige kelele, akasirike, yaishe. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havai viatu kichwani. "Usimfanye adui yako ahurumiwe," akaniambia. "Ukimpiga, watu watamletea uji. Mtendee vizuri, halafu umwache na watu wakimwangalia."

Mimi nilikuwa mwalimu kijana, binti wa Machakos, nimefika Nairobi kukaa na kaka yangu aliyekuwa karani wizarani. Serikali ilikuwa imempa nyumba ndogo Kileleshwa, na nyumba kubwa iliyopakana nasi ilikuwa ya Mwalimu na mumewe. Mumewe alikuwa mkubwa katika wizara ile ile, mmoja wa Waafrika wa kwanza kukalia viti vile baada ya Uhuru. Wote wawili walitoka magharibi, upande wa Kakamega. Mimi na Mwalimu tulifundisha shule moja, tukaenda pamoja kwa miguu asubuhi na kurudi pamoja jioni, na yale niyajuayo juu yake mengi niliyaokota njiani.

Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, na hakuona haya kwa hilo. Miguu yake ilikuwa mizuri na alijua. Alipenda sukari nyingi kwenye chai na kitunguu kibichi kwenye kila kitu. Darasani hakuchapa mtoto. Ukishona ovyo alikaa nawe, akafumua mshono wako polepole huku akikuuliza habari za nyumbani kwenu, mpaka ukatamani fimbo. Wimbo wa kusamehe maadui ndio alioupenda kuliko zote, na hakuna aliyemshinda kuuimba. Niliwahi kumwambia kwamba wimbo ule na yeye havikai nyumba moja. Akacheka. "Mimi nasamehe," akasema. "Ila sisahau niliyemsamehe anakaa wapi."

Usidhani alikuwa mtu wa chuki tu. Mke wa mhasibu alipofiwa na mama yake, aliyelala sakafuni naye kwa ule msiba wote alikuwa Mwalimu. Jogoo alikuwa bado anawika nje.

Sasa nije kwenye gauni.

Miaka ile Wazungu wengi walikuwa wanauza vitu vyao na kuondoka, na huko Muthangari kila mwisho wa wiki kulikuwa na nyumba iliyotandaza maisha ya mtu kwenye nyasi: viti, vyombo, vitabu, kofia. Mume wa Mwalimu alikuwa amealikwa kwenye dansi kubwa katika hoteli moja ya mjini, mwaka wa kwanza wa Uhuru, na akaambiwa wake za wakubwa watakuja na magauni marefu. Alikwenda Muthangari akanunua gauni pamoja na taa ya mezani, bila kuuliza kipimo cha mkewe. Lilikuwa hariri ya kijani, kijani cha ganda la parachichi, lililoshonwa ng'ambo kabla ya vita kwa mwanamke mwembamba kama ufagio. Mgongo wake ulikuwa wazi hadi katikati, na chini lilimwagika hadi sakafuni. Taa ilifanya kazi. Gauni halikupita mabegani.

Mwalimu hakulalamika. Alifumua ubavu wa gauni, wa kulia na wa kushoto, toka kwapani hadi pindoni. Kisha akafungua sanduku lake, akatoa gauni lake la harusi, lile aliloingia nalo kanisani huko kwao, akalikata vipande virefu viwili, akavitia ubavuni. Kijani, kisha mstari mweupe, kisha kijani. Mumewe alipoona alishika kichwa. "Umeharibu gauni la watu."

"La watu gani, Baba Watoto?" akamjibu. "Mwenyewe ameshapanda ndege."

Usiku ule, nilivyosikia kwa wengi, wanawake waliuliza mtindo ule wa mistari myeupe unatoka nchi gani. Mpiga picha wa hoteli aliwapiga wakicheza, na picha hiyo, kubwa, ilikaa ukutani sebuleni kwake miaka yote niliyomjua. Mwalimu ameinua kidevu. Mumewe anacheka, na mkono wake wa kulia umetulia kiunoni mwa mkewe, juu ya ule mstari mweupe: pete ya jiwe jekundu, saa ya mkanda wa chuma. Alinisimamisha mbele ya picha ile siku ya kwanza nilipoingia kwake. "Hapo," akasema, "tulikuwa watu wawili."

Baadaye walikuwa watatu. Mumewe alioa mpiga chapa wa ofisini, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, akampangishia nyumba upande wa pili wa mji. Mtaa wote ulikaa madirishani kungoja. Mwalimu alimtumia yule msichana seti ya vikombe na blanketi. Mimi ndiye niliyekasirika, nikasema angetuma nyoka. Akaniambia, "Msichana amepewa, hakuiba. Ukiona mtu amekalia kiti chako, muulize aliyemkaribisha."

Miaka michache baadaye Mwalimu aliugua tumbo, akalazwa hospitali, akapasuliwa. Alikaa huko muda mrefu. Kuna siku madaktari walitikisa vichwa na sisi tukalia kwenye korido. Mumewe alikuja mara moja moja, na matunda. Kisha Mwalimu, kwa ukaidi wake ule ule, akapona. Alirudi nyumbani amekonda, akakaa kitini juani, akawa anarudishiwa nguvu na kitunguu.

Siku alipoweza kuinama alifungua sanduku. Niliitwa na msichana wa kazi, aliyekuja analia. Nilimkuta Mwalimu amesimama mbele ya kioo, amelishika gauni kifuani. Lilikuwa jembamba. Vile vipande vyeupe havikuwako, na ubavu ulikuwa umeshonwa upya kama alivyouacha Mzungu. Lilinuka manukato ya mtu na moshi wa sigara.

Msichana wa kazi hakungoja kuulizwa mara mbili. Mzee, mume wa Mwalimu, alivunja kufuli ya sanduku Mwalimu akiwa hospitali, akampa yeye gauni alipeleke kwa fundi wa Kenyatta Market, naye mzee akafuata kwa gari na mke mdogo, maana kulikuwa na karamu mjini.

Mwalimu alilikunja gauni, akalitia kwenye kikapu, akaniambia nimshike mkono twende. Nilikataa, nikasema hajapona. Akaanza kwenda, nikafuata. Fundi alikuwa kijana wa Kisumu, mchangamfu, cherehani yake ilikuwa imeegemezwa ukutani karibu na wachoma nyama.

"Karibu mama. Unashona ama unapunguza?"

Mwalimu aliweka gauni mezani. "Hii ni wewe ulipunguza?"

"Eeh, hiyo naikumbuka. Nilitoa hizo vipande nyeupe za side. Ilikuwa ya mtu mnono kidogo."

"Huyo mnono aliitwa nani?"

"Sikuambiwa jina, mama. Mzee alisema mwenyewe alishakufa. Nguo zake zimegawanywa, hii imepata mtu mwingine, nifanye chap chap."

Nilihisi vidole vya Mwalimu vikikaza kwenye mkono wangu. Uso wake haukubadilika.

"Maneno hayo alisema mzee, ama yule msichana mwembamba?"

"Mzee. Msichana alikuwa anaangalia chini tu."

"Na vipande?"

Fundi aliinama akachakura gunia la vitambaa, akavitoa vyote viwili. Kimoja kilikuwa kimepunguzwa kidogo kwa ajili ya kola ya koti la mtu. Mwalimu alivipangusa, akavikunja juu ya gauni.

"Fundi," akasema, "huyo mwenyewe ni mimi."

Kijana aliondoa mguu kwenye pedali. Akasimama, akavua kofia. "Mama, nisamehe. Sikujua."

"Mimi na wewe hatuna neno. Wewe uliletewa."

Tulirudi polepole. Tulipofika mahali penye kivuli aliomba tupumzike, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, kikapu mapajani. "Unajua kwetu nguo za mtu hugawanywa lini?" akaniuliza. Nikasema sijui. "Akishazikwa. Wazee wanakaa, ndugu wanakaa, zinatolewa moja moja. Siyo kabla. Mtu akigawa nguo zako nawe ungali unapumua, amekuzika." Alikisogeza kikapu mapajani. "Mimi nilikuwa nimelala pale nahesabu mabati ya hospitali, nangoja aje aniambie habari za nyumbani. Kumbe alikuwa anatoka mazikoni kwangu." Hapo alilia. Ni mara moja tu nilimwona akilia, na mimi nilimchukia yule mwanamume kwa chuki ambayo sikuwahi kumpa mtu mwingine, na hata sasa ninapoandika ipo, nzima, sikuitumia ikaisha.

Jioni ile mumewe alirudi kutoka kazini, akatupa koti kitini, akasema kama kawaida, "Mama Watoto, chai."

Mwalimu aliendelea kushona. Alikuwa anavirudisha vile vipande ubavuni.

"Mama Watoto. Chai."

Akamgeukia kijana wake mkubwa. "Mwambie babako, marehemu hapiki."

Mzee alicheka. Alidhani ni hasira za siku moja, za kupoozwa na kitambaa kipya cha kichwa. Lakini kesho yake marehemu hakupika, na kesho kutwa hakufua, wala hakuitika alipoitwa. Alipikia watoto, alipikia wageni, alinipikia mimi. Sahani ya mzee haikuwako mezani. Hakumwambia neno moja, la zuri wala la baya. Akiwa na jambo lazima limfikie, alilipitisha kwa mtu mwingine aliye chumbani. Akalala chumba cha mbele.

Na wageni, hao ndio waliommaliza. Wakubwa wa wizara walipokuja na wake zao, Mwalimu aliwapokea mlangoni kwa tabasamu, kitambaa cheupe kichwani. "Karibuni sana. Mimi ni marehemu mke wa huyu bwana. Mtakunywa chai au kahawa?" Watu walipaliwa. Wengine walicheka wakidhani ni utani, kisha wakatazama uso wa mzee wakaacha kucheka. Baada ya miezi, hakuna ofisi ya wizara ile ambako kisa cha fundi hakikujulikana. Mwalimu hakukisimulia. Alijibu tu, kwa adabu, kila alipoulizwa amekufa lini.

Mwishowe mzee aliwaita wazee wa kwao wamtie mkewe akili. Walikuja watatu, na fimbo zao, wakakaa kwenye viti vya wizara sebuleni. Kaka yangu na mimi tuliitwa kama majirani. Walimsikiliza Mwalimu, aliyesema machache. Kisha mkubwa wao akamgeukia mume.

"Ulisema huyu amekufa?"

"Ilikuwa maneno tu, baba. Ya kumharakisha fundi."

"Na nguo ukampa mwingine?"

"Kwa karamu moja. Nikairudisha."

Yule mkubwa wa wazee alitazama sakafu. "Maneno ndiyo yanazika watu. Udongo unakuja baadaye. Lete kondoo. Achinjwe hapa, na wewe usimame mbele ya hawa watu useme: huyu yuko hai, ni mimi nilikosea. Basi. Atakupikia leo leo."

Nilimwona Mwalimu akiinua kichwa. Nitaapa mahali popote kwamba alikuwa anataka kusikia hayo maneno. Hakutaka zaidi ya hayo. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuifungua aproni, tayari kusimama na kuyapokea.

"Mimi?" mumewe akasema. "Nifunge kondoo hapa Kileleshwa? Baba, hawa majirani ni wakurugenzi. Hii si nyumba ya kijijini. Nitaonekana aje?"

"Basi useme maneno tu. Kondoo tutamchinja nyumbani."

"Siwezi kuomba msamaha mbele ya makarani."

Karani alikuwa kaka yangu. Wazee walimaliza chai yao, wakachukua fimbo. Mlangoni yule mkubwa akamwambia, "Mtu akikataa kumfufua mkewe, asituite tena akihisi baridi." Mwalimu aliifunga aproni upya, mafundo mawili.

Aliishi hivyo miaka. Watu walimwambia aondoke, arudi kwao, aende mahakamani. Hakuona kwa nini aondoke. "Marehemu huzikwa kwake," alisema, "na kwangu ni hapa." Lakini hata katika kufa kwake hakuwa mfu kamili. Mzee alipopatwa na malaria kali, mke mdogo akiwa amesafiri, Mwalimu alinigongea dirisha na kuniagiza nimtafute daktari. "Marehemu hatibu mtu," akasema, "lakini hazuii." Alikaa nje ya chumba mpaka homa ikashuka. Na nilijua jambo jingine, ambalo hakuniambia. Kila mzee alipokohoa kabla ya kusema, Mwalimu aliacha sindano hewani, akangoja. Mzee aliomba gazeti, au alisema mvua itanyesha, na sindano ikaendelea.

Mimi niliacha ualimu, nikapata kazi Muthangari, katika nyumba moja ya zamani ambako chama cha wanawake kilikuwa kimeanza kukusanya mavazi ya kale. Tulikuwa na ngozi zenye shanga, sare za askari wa vita, kanzu, magauni ya harusi, magauni ya jioni ya enzi za wakoloni. Aliyesimamia alikuwa mama mzee wa Kizungu, mmoja wa waliobaki, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mimi nilipiga chapa kadi za maelezo na kuwapokea wageni.

Mwalimu alinisikiliza nikimwelezea mahali pale, kisha akaniuliza kitu kimoja. "Nguo ikiingia huko, mume wa mwenyewe anaweza kuja kuichukua?" Nikasema haiwezekani, ikishatolewa ni ya mkusanyo, inafungiwa kwenye kabati la kioo, funguo ziko ofisini. Alikuwa amestaafu, tumbo lilikuwa limeanza kumsumbua tena, na watoto wake wote walikuwa wa kiume. Alijua akifa mara ya pili, kufa kwenyewe, hakutakuwa na haja ya kuvunja kufuli.

Wiki iliyofuata alileta gauni. Yule mama wa Kizungu aliigusa hariri ile akafurahi mpaka akavua miwani. Kisha akaona mistari myeupe. "Hivi vipande vilitiwa baadaye," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Tutavitoa, mama. Gauni litarudi kama zamani."

"Zamani ipi?" Mwalimu akamuuliza. "Vilishatolewa mara moja, nami nilikuwa nimelala hospitali. Vikitoka tena, gauni linatoka navyo."

Vipande vikabaki.

Tuliomba na picha, kama tulivyofanya kwa kila vazi lililokuwa na picha. Alikuja nayo chini ya kwapa, imetolewa kwenye fremu, na mkasi wake wa kukatia vitambaa mkononi. Akaomba meza. Aliilaza picha, akaitazama, kisha akaanza kukata toka juu kwenda chini, kati yake na mumewe, kwa utulivu wa mtu anayekata suruali ya sare. Kichwa cha mzee kikaanguka upande, bega likaanguka, koti likaanguka. Akafika kiunoni akasimama. Mkono ulikuwa umelala pale juu ya mstari mweupe, na pete yake na saa yake.

"Umeng'ang'ania," akasema.

"Tuukate?"

"Nikiukata nitajikata mimi. Uache." Akauzunguka kwa ncha ya mkasi, mpaka mkono ukabaki peke yake kwenye gauni, hauna mtu. Kile kipande kingine, chenye uso unaocheka, alikitia kwenye kapu la taka za ofisi yetu, akapangusa meza.

"Sasa andika," akaniambia. Nikatia kadi kwenye mashine. Alinisomea polepole, nami nikapiga: gauni la jioni, hariri ya kijani, lilishonwa ng'ambo kabla ya vita, lilipanuliwa Nairobi kwa vipande vya gauni la harusi la aliyelivaa. Kisha jina lake, la ubatizo na la baba yake. La mumewe hakulitaja.

"Wageni watauliza juu ya mkono," nikasema.

Akafikiri. "Andika ni wa mwenzake wa dansi."

"Na jina la mwenzake?"

"Andika halikumbukwi."

Nililipiga neno hilo kwa vidole vyote. Niliona furaha na sikuificha, na sioni kwa nini nijifanye leo kwamba sikuiona. Wahenga walisema malipo ni hapa hapa duniani. Mimi nilifurahi tu kwamba malipo yale yalipitia mikononi mwangu.

Siku ya kuonyesha mavazi kwa mara ya kwanza, nyumba ilijaa. Mwalimu aliketi kwenye kiti karibu na kabati lake, amevaa gauni la kawaida la maua na kitambaa cheupe kichwani, mkongojo kando. Nilikuwa nimesikia kutoka kwa kaka yangu kwamba mzee naye angekuja. Alikuwa amestaafu na hakuna aliyemwalika popote siku hizo, na alipopata habari kwamba gauni na picha ya dansi ile vimewekwa mahali pa heshima, alizunguka kwa marafiki zake wa zamani akiwaambia, "Mimi na mke wangu tumewekwa makumbusho." Alidhani amesamehewa. Ndilo kosa lake kubwa: alikuwa ameishi na mwanamke yule miaka yote ile, na bado hakumjua.

Aliingia na wenzake watatu, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Aliwaongoza moja kwa moja hadi kwenye kioo. Nilimwona akitabasamu kwanza, kisha akisogea karibu, kisha akitafuta pembeni mwa picha, kama mtu aliyeangusha kitu. Mmoja wa wenzake alivaa miwani, akasoma kadi kwa sauti. Aliposoma kwamba jina halikumbukwi, alisita, akasoma tena.

"Mzee," akasema, "si ulisema uko kwa hii picha?"

Wasichana wa shule waliokuwa nyuma yao walinyoosha shingo. "Huo mkono ni wa nani?" mmoja akaniuliza. Mzee akautazama mkono wa kwenye picha, pete na saa, kisha akautazama wake, pete na saa. Akautia mfukoni.

Angesema nini? Angesema ni wangu? Angeulizwa kwa nini basi hujulikani, na nusu ya watu waliosimama pale walikijua kisa cha fundi tangu wizarani. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana. Hakukuwa na mtu wa kumletea uji.

Alimwendea Mwalimu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nikasikia kila neno. Aliinama, sauti imemkauka. "Mama Watoto. Nitaleta kondoo. Hata kesho. Nitasema mbele ya watu, hapa hapa ukitaka. Nirudishe tu."

Alikohoa, kama alivyokuwa akikohoa mezani. Mwalimu hakuinua kichwa. Alinigeukia mimi, akanivuta mkono nisogee, akasema bila kupandisha sauti wala kuishusha:

"Mwambie huyo mzee, kwetu mtu akifa vyake hugawanywa. Mimi nimechukua mkono. Yaliyobaki wachukue wengine. Na umwambie asogee kidogo, watu hawaoni gauni."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, neno kwa neno, na wale wa nyuma nao wakasikia.